Jiwe, Kisu na Taa

Wahenga walisema, "Mficha maradhi kifo humwumbua." Methali hii husemwa juu ya kila ugonjwa, lakini yafaa zaidi kwa maradhi ya njia ya mkojo, kwa kuwa ni machache sana yanayoonewa haya kama hayo. Mtu aliyevunjika mkono hulia barabarani, na kila apitaye humwonea huruma. Mtu anayeumwa na kibofu huyatafuna maumivu yake kimya kimya, pengine hata mkewe asijue. Nilipokuwa mtoto palikuwa na mzee mmoja, jirani yetu, ambaye kwa muda wa miaka miwili alituambia kwamba anaumwa na mgongo. Alikuwa akisimama nyuma ya ghala lake muda mrefu, jasho likimtiririka, kisha akirudi barazani na kujifanya hana neno. Siku aliposhindwa kusimama ndipo alipopelekwa hospitali, na huko ikaonekana kwamba kibofuni mwake mlikuwa na jiwe. Daktari alipomwuliza kwa nini alinyamaza, alijibu kwamba mambo kama hayo hayasemwi mbele ya watoto. Alitolewa jiwe lile, akapona, akaishi miaka mingi baadaye.

Tangu siku ile nimekuwa na hamu ya kujua habari za mawe yanayoota ndani ya mwili, na jinsi wanadamu walivyojifunza kuyaondoa. Nimekuta kwamba habari hizo ni ndefu kuliko habari za falme nyingi, na kwamba ndani yake mna jambo moja kubwa linalostahili kukumbukwa na kila kijana. Watu wengi hudhani kwamba utabibu wa kupasua uliendelea kwa sababu visu vilizidi kuwa vikali na mikono ikazidi kuwa myepesi. La, sivyo. Uliendelea kwa sababu ya taa mbili. Taa ya kwanza ni ile iliyomwezesha tabibu kuona ndani ya mwili kabla ya kukata. Taa ya pili ni hesabu ya kweli ya waliopona na waliokufa. Palipokosekana taa hizo, kisu kiliua hata mikononi mwa fundi.

Kwanza tujue jiwe lenyewe ni kitu gani. Figo zetu mbili huchuja damu, zikatoa taka pamoja na maji, na huo ndio mkojo. Ndani ya mkojo mmeyeyuka chumvi za namna nyingi, kama chumvi ilivyoyeyuka katika maji ya bahari. Maji yakiwa mengi, chumvi hizo hupita zikatoka nje bila kumdhuru mtu. Maji yakipungua, chumvi hushikamana na kuganda, punje juu ya punje, kama ule ugaga mweupe unaoganda ndani ya birika inayochemshiwa maji kila siku. Punje ikikaa figoni hukua. Ikiteremka katika mrija mwembamba utokao figoni kwenda kibofuni, huziba njia, na maumivu yake humfanya mtu mzima agaegae chini kama mtoto. Ikifika kibofuni na kukaa huko, huongezeka mwaka hata mwaka, na huenda ikawa kubwa kama yai la kuku.

Maradhi haya ni ya kale sana. Mwaka wa 1901 jiwe la kibofu lilikutwa katika kaburi la kijana aliyezikwa Misri zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Wayunani wa zamani waliyajua pia. Katika kiapo cha matabibu kinachoitwa kwa jina la Hippocrates, tabibu huahidi kwamba hatampasua mgonjwa wa jiwe, bali kazi hiyo atawaachia wale walioizoea. Je, ni kwa nini tabibu aapishwe asifanye jambo ambalo mgonjwa anamlilia alifanye? Ni kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa ya kipofu. Celsus wa Roma, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliieleza. Mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu, magoti yakainuliwa, tabibu akalipapasa jiwe kwa vidole, akakata nyama iliyo chini ya kibofu, kisha akalivuta jiwe kwa kulabu. Hakuona alichokikata. Kisu kikikosea njia kwa upana wa ukucha, mgonjwa alitokwa na damu mpaka akafa, au akaishi maisha yake yote akivuja mkojo na kutengwa na wenzake.

Mtu mmoja wa zama za kati aliyeifahamu hatari hiyo alikuwa Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Kiislamu aliyeishi karibu na mji wa Cordoba huko Andalusi, akafa mwaka wa 1013. Aliandika kitabu kikubwa cha utabibu chenye sehemu 30, na katika sehemu ya mwisho akaeleza kazi ya kupasua na kuchora picha za vyombo karibu 200. Kwa jiwe lililokwama katika njia ya kutokea mkojo alieleza keekee nyembamba ya kulitoboa pole pole mpaka livunjike, na mgonjwa asikatwe. Lakini kinachonipendeza zaidi katika kazi yake ni kisa alichokitia mwanzoni mwa sehemu hiyo. Asema kwamba alimjua tabibu mmoja aliyejitia kumtoa jiwe mgonjwa ilhali hajui jinsi mwili ulivyoumbwa. Jiwe lilikuwa kubwa. Akalivuta kwa nguvu, likatoka pamoja na kipande cha kibofu, na mgonjwa akafa baada ya siku chache. Al-Zahrawi mwenyewe alikuwa ameitwa kwa mgonjwa yule, akaona kwamba jiwe ni kubwa mno, akakataa. Kisa hiki amekiandika ili wanafunzi wake wajue kwamba mwenye kukata asichokijua ni mwuaji, ijapokuwa nia yake ni njema.

Huko Ulaya, kwa muda wa karne nyingi, kazi ya kupasua jiwe ilikuwa mikononi mwa watu waliotembea mji hata mji. Walifika, wakapasua, wakapokea ujira wao, wakashika njia. Mgonjwa akifa siku ya tano, aliyempasua alikuwa amekwisha kufika mji mwingine, na huko hapana aliyejua habari ya kifo hicho. Hapo, msomaji, ndipo unapoona hasara ya kukosa hesabu. Mtu huweza kufanya kazi miaka 30, akaua mamia, na bado akajiona fundi.

Watu waliwaogopa wapasuaji hao kiasi gani? Mhunzi mmoja wa Amsterdam, jina lake Jan de Doot, alikuwa amekwisha kupasuliwa mara mbili, na jiwe likaota tena. Mwaka wa 1651 alikata shauri kwamba hatamwamini mtu mwingine. Akafua kisu yeye mwenyewe, akampeleka mkewe sokoni kununua samaki, akamwita nduguye amsaidie, akajipasua kwa mkono wake, akatoa jiwe kubwa kuliko yai la kuku. Alipona. Picha yake iliyochorwa mwaka wa 1655 ingaliko katika mji wa Leiden. Ameshika kisu mkono mmoja na jiwe mkono wa pili. Watu humtazama wakastaajabia ushujaa wake. Mimi nastaajabia zaidi maumivu yaliyomfikisha mtu mwenye akili timamu mahali pale.

Miaka saba baadaye, tarehe 26 Machi mwaka wa 1658, kijana mmoja wa London, Samuel Pepys, alipasuliwa na Thomas Hollier. Pepys ndiye yule aliyekuja kuwa mkubwa katika idara ya manowari za Uingereza na mwandishi wa shajara mashuhuri. Hapakuwa na dawa ya usingizi wala ya kuzuia vidonda visioze. Jiwe lilitoka, nalo lilikuwa kubwa kama mpira wa tenisi. Tangu hapo Pepys aliihesabu siku ile kuwa sikukuu, akawa akiwaalika rafiki zake kula pamoja naye kila mwaka, na jiwe akalitengenezea sanduku. Yule mzee jirani yetu naye alikuwa akiliweka jiwe lake katika kikopo cha bati, akiwaonyesha wageni. Hakupata kusikia habari za Pepys, lakini furaha ya mtu aliyetoka katika mateso ni moja mahali pote.

Katika karne ya 18 wapasuaji waliojifunza umbo la mwili kwa bidii walianza kuipunguza hatari hiyo. William Cheselden wa London, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya viungo, alianza mwaka wa 1727 kupasua kwa njia ya ubavuni, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata akaweza kuimaliza kazi kwa muda usiotimia dakika moja. Wepesi huo haukuwa majivuno. Mgonjwa alikuwa macho, na kila nukta iliyopita ilikuwa nukta ya mateso. Cheselden aliandika hesabu ya wagonjwa wake. Katika watu 213 aliowapasua, walikufa 20. Hata hivyo, mfikirie mtu aliyejua kwamba katika kila watu kumi wanaoingia chumbani humo, mmoja hatarudi kwao. Na Cheselden alikuwa bora kuliko wenzake wote.

Mambo yalibadilika Paris. Jean Civiale, mtoto wa wakulima kutoka milima ya Auvergne, alijiuliza swali ambalo al-Zahrawi alikuwa amekwisha kuligusa: kama jiwe laweza kuvunjwa lilipo, kuna haja gani ya kumkata mtu? Alitengeneza bomba jembamba la chuma lenye vidole vitatu ndani yake pamoja na keekee. Bomba lilipitishwa katika njia ya mkojo, vidole vikafunguka kibofuni na kulishika jiwe, na keekee ikalitoboa mpaka likapasuka. Vipande vilitoka pamoja na mkojo. Tarehe 13 Januari mwaka wa 1824 aliifanya kazi hiyo mbele ya wataalamu, na mgonjwa akaenda zake bila kidonda.

Lakini Civiale alifanya na jambo la pili, nami naliona kuwa kubwa kuliko lile la kwanza. Wapasuaji wa zamani hawakukubali kwamba njia yake ni bora. Kila mmoja alitaja wagonjwa wake waliopona. Civiale hakubishana nao kwa maneno. Alikusanya hesabu kutoka hospitali za nchi mbalimbali, akaleta habari za wagonjwa zaidi ya 5,000 waliopasuliwa kwa kisu, na ikaonekana kwamba karibu mmoja katika kila watano alikufa. Katika wale waliovunjiwa jiwe kwa bomba, waliokufa walikuwa kama wawili katika kila mia. Mwaka wa 1835 Akademia ya Sayansi ya Paris iliichunguza kazi hiyo, na kati ya wachunguzi alikuwamo Poisson, bingwa wa hisabati. Mabishano makali yakazuka. Wengine walisema kwamba kila mgonjwa ni peke yake, na kwamba watu hawawezi kuhesabiwa kama magunia ya nafaka. Neno lao lina ukweli kidogo, kwani mgonjwa si tarakimu. Bali bila hesabu, je, yule wa tano angejuaje kwamba anakwenda kufa? Kumhesabu mgonjwa si kumdharau; ni kukataa kumsahau.

Hata hivyo Civiale alikuwa bado kipofu. Alilivunja jiwe kwa kusikia na kupapasa, kama mtu atafutaye sindano sakafuni usiku bila taa. Hatari ya upofu huo ilidhihirika kwa ulimwengu wote mwezi wa Januari mwaka wa 1873, Napoleon wa Tatu, aliyekuwa ametawala Ufaransa, alipokufa uhamishoni Uingereza katikati ya matibabu ya kuvunjwa jiwe. Wakati huo dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha kupatikana, kwani mvuke wa etha ulionyeshwa hadharani Boston mwaka wa 1846, na Lister alikuwa amekwisha kufundisha jinsi ya kuzuia vidonda visioze. Aliyemtibu, Henry Thompson, alikuwa mstadi wa kazi hiyo, na miaka kumi kabla alikuwa amemtibu Leopold wa Kwanza, mfalme wa Ubelgiji, akafaulu. Mwili ulipochunguzwa baada ya kifo, sehemu ya jiwe ilikuwa bado kibofuni, na figo zilikuwa zimeharibika kitambo. Maumivu yalikuwa yameondolewa na mkono ulikuwa hodari. Kilichokosekana ni macho.

Na macho yenyewe yalikuwa yakitafutwa. Mnamo mwaka wa 1806 tabibu mmoja wa Frankfurt, Philipp Bozzini, alitengeneza chombo chenye mshumaa, kioo na mirija, ili mwanga uingie katika matundu ya mwili na tabibu aone. Wakubwa wa utabibu wa Vienna hawakukipendelea. Bozzini akafa mwaka wa 1809, akiwa na umri wa miaka 35, kwa homa aliyoambukizwa alipokuwa akiwatibu wagonjwa. Chombo chake kiliwekwa kando. Kasoro yake ilikuwa kwamba taa ilibaki nje na mwanga ukapungukiwa na nguvu njiani. Ilimpasa mwingine atambue jambo ambalo kila mama wa nyumbani alijua: ukitaka kuona chumbani, ingia na taa. Maximilian Nitze, Mjerumani, alionyesha chombo chake mwaka wa 1877, na kufika mwaka wa 1879 kilikuwa kimetengenezwa vizuri. Kilikuwa bomba jembamba lenye vioo vya kukuza na waya wa platini uliowashwa kwa umeme kwenye ncha yake, na maji yakipita ili usiunguze. Globu ndogo za umeme zilipopatikana, waya ule ukaachwa. Kwa mara ya kwanza tabibu alikiona kibofu cha mtu aliye hai kama anavyoiona sura yake katika kioo.

Haikupita miaka mingi, taa nyingine ikawaka. Tarehe 8 Novemba mwaka wa 1895 Wilhelm Röntgen wa Würzburg aligundua miali inayopita nyamani na kuzuiliwa na mifupa. Mwaka uliofuata, Glasgow, John Macintyre alipiga picha ya jiwe lililokuwa ndani ya figo. Mwaka wa 1929 kijana wa Kimarekani aliyekuwa akifanya kazi Berlin, Moses Swick, alionyesha kwamba dawa fulani ikitiwa katika mshipa wa damu huchujwa na figo na kuifanya njia nzima ya mkojo ionekane katika eksirei, kama mto unavyoonekana katika ramani.

Katika habari hii bara letu la Afrika lina sehemu yake. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg. Mwaka wa 1956, alipokuwa akifanya kazi Cape Town, alisimamia matumizi ya miali katika hospitali ya Groote Schuur, na hapo akaanza kufikiri jinsi hisabati inavyoweza kuzikusanya picha za pande nyingi za mwili zikawa picha moja ya ndani. Alipoitoa kazi yake katika miaka ya 1963 na 1964, walioijali walikuwa wachache. Huko Uingereza Godfrey Hounsfield, bila kuijua kazi hiyo, alitengeneza mashine yenyewe, na tarehe 1 Oktoba mwaka wa 1971 mgonjwa wa kwanza akapigwa picha. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Mashine hiyo ndiyo ambayo leo humwonyesha daktari jiwe dogo kama punje ya mtama na mahali hasa lilipokwama. Nchini mwetu Kenya mashine za namna hiyo zimo katika hospitali kubwa, ijapokuwa bado yuko mwananchi anayesafiri mbali na kutoa fedha nyingi ili aifikie. Taa imekwisha kuwashwa. Kazi iliyobaki ni kuisogeza karibu na kila mlango.

Mara jiwe lilipoonekana barabara, kisu kilianza kurudi alani. Wahandisi wa kampuni ya ndege ya Dornier, Ujerumani, walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege inayokwenda kasi kuliko sauti, wakatambua kwamba mshtuko wa tone huenda ndani ya chuma kama wimbi. Ukitupa kokoto kisimani, mawimbi hutawanyika kwenda nje. Fikiri sasa chombo kinachoyageuza mawimbi ya namna hiyo yakutane tena mahali pamoja, kama kioo cha kukuza kinavyoukusanya mwanga wa jua mpaka ukachoma karatasi. Nyama ya mtu ina maji mengi, kwa hiyo wimbi hupita bila kuidhuru sana. Jiwe ni gumu, nalo huvunjika. Tarehe 7 Februari mwaka wa 1980, katika mji wa Munich, Christian Chaussy na wenzake walimlaza mgonjwa wa kwanza katika birika kubwa la maji, wakatafuta jiwe kwa miali ya eksirei kutoka pande mbili, wakalipiga kwa mawimbi hayo mpaka likawa changarawe. Hapana aliyekatwa. Jambo ambalo watu waliliogopa kwa maelfu ya miaka lilifanyika bila tone la damu kumwagika mezani.

Tangu hapo maarifa hayakusimama. Leo chombo chembamba chenye kamera kwenye ncha yake hupitishwa katika njia ile ile ya asili hadi figoni, na uzi wa kioo ulio mwembamba kama unywele hupeleka miali ya leza inayolisaga jiwe likawa vumbi. Mwaka wa 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walitoa habari za wagonjwa 19 ambao mawe yao yalipigwa kwa mawimbi ya sauti yenye nguvu ndogo, kwa muda usiozidi dakika 10. Mawe 21 kati ya 23 yalivunjika. Shirika la Marekani la safari za anga lilisaidia utafiti huo, kwa kuwa msafiri wa angani akishikwa na jiwe hana hospitali ya kukimbilia. Lakini watu 19 ni wachache, na mwanafunzi wa Civiale hangesahau kuuliza: je, katika elfu itakuwaje?

Taa hizo mbili zimeyaangaza na maradhi mengine ya njia hiyo hiyo. Wanaume wengi wenye umri mkubwa huugua saratani ya tezi dume. Zamani, damu ya mtu ikitia shaka, tezi ilidungwa sindano mahali pengi kwa kubahatisha. Mwaka wa 2018 palitangazwa utafiti wa wanaume 500 kutoka nchi 11. Nusu walidungwa kama desturi, na nusu walipigwa kwanza picha kwa mashine ya sumaku, kisha wakadungwa penye alama ya shaka tu. Saratani zenye hatari zilionekana kwa watu 38 katika kila 100 wa kundi la picha, na 26 katika kila 100 wa kundi la desturi. Tena zaidi ya robo ya waliopigwa picha hawakuhitaji sindano kabisa. Huko Uingereza nako wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi waligawanywa mafungu matatu: wa kupasuliwa, wa kuchomwa kwa miali, na wa kuangaliwa tu kwa uangalifu. Miaka 15 baadaye, watu kama 97 katika kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, wa fungu lolote. Basi daktari wa leo huweza kumwambia mgonjwa wa namna hiyo, "Baba, hatuna haja ya kukimbilia kisu, tukae tushauriane." Maneno hayo hayakupatikana kwa huruma peke yake. Yalipatikana kwa hesabu ya miaka 15.

Hesabu haina upendeleo, wala haiogopi mazoea. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mawe ya figo walipewa dawa fulani ya kukojosha ili mawe yasirudi. Mwaka wa 2023 matabibu wa Uswisi walitoa matokeo ya kuwapima wagonjwa 416, wengine wakipewa dawa hiyo na wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Haikuonekana tofauti ya maana. Ni vigumu tabibu kukiri kwamba alichowapa watu miaka mingi hakikuwafaa kama alivyodhani. Waliokubali kukiri ndio waliousogeza utabibu mbele.

Nimalizie kwa jambo dogo, ambalo ndilo lililo karibu zaidi nasi. Mwaka wa 1996 matabibu wa Parma, Italia, walieleza habari za watu 199 waliokuwa wamepata jiwe mara ya kwanza. Nusu yao waliambiwa wanywe maji mengi kila siku. Nusu hawakupewa shauri hilo. Kwa muda wa miaka mitano, katika 99 waliokunywa maji, jiwe liliwarudia 12. Katika 100 wengine, liliwarudia 27. Dawa iliyopunguza mateso kiasi hicho haitoki katika kiwanda, wala haihitaji umeme. Imo mtungini. Nasi tunaoishi katika nchi za jua kali, ambako jasho huyapunguza maji ya mwili tangu asubuhi, tuna sababu kubwa zaidi ya kulishika shauri hilo. Heri kinga kuliko tiba.

Mzee jirani yetu alikaa na jiwe miaka miwili katika nchi ambayo ilikuwa na mashine za eksirei. Hakukosa taa ya kumtazama. Alikosa neno la kusema. Taa yenye nguvu kuliko zote haiwezi kumwangaza mtu aliyejifunika blanketi. Kwa hiyo, msomaji kijana, baba yako au babu yako akianza kusimama muda mrefu nyuma ya ghala, usigeuze uso kwa haya. Mwulize kwa adabu, mkae faragha, kisha mpeleke kwa daktari. Watu waliteswa, wakakatwa, wakahesabiwa, na wengine wakafa, ili yeye apate kutibiwa leo bila kilio. Ingekuwa hasara kubwa iwapo yote hayo yangepotea kwa sababu ya kunyamaza.